Mbuzi wa Mbu

Chandarua kipya kina harufu yake. Ukichana tu mfuko wa plastiki, dawa inakupanda puani, kali kidogo, inakaa kooni mpaka unameza mate. Juzi nimepewa kimoja kliniki, nikakianika kivulini uani kwetu hapa Mlabani, Ifakara mjini, kipunguze makali kama nesi alivyoagiza. Kabla sijaufikia mlango wa jikoni nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Namawala. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya nyumba yetu, nimekumbatia chandarua kibichi kilichokuwa kikinichuruzikia maji miguuni, naangalia huku na huku kama kuna aliyeniona.

Niwaambie mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema ningeajiriwa polisi, mahabusu pasingetosha. Fundi akiniambia njoo kesho, namuuliza kesho ya lini. Mtu akinisifia mtoto, natafuta anataka nini. Labda nilizaliwa hivyo, sijui, lakini mwaka ambao tabia hii ilinikolea naujua. Ni mwaka ambao baba alituletea mbuzi bila sababu.

Kwetu kila mnyama alikuwa na sababu. Kuku walikuwa wa mayai na wa wageni, paka alikuwa wa panya, mbwa alikuwa wa kufukuza nguruwe pori wasimalize mpunga. Wa kupendwa tu hakuwepo. Bibi, mama yake baba, aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa mwali na kuzeekea hapa bondeni, alikuwa na sheria yake: mnyama wa kuliwa hapewi jina. Alisema jina ni kama kiti, ukishampa mtu kiti umemkaribisha akae. Kuku wetu wote kwa hiyo waliitwa kuku, na tuliwala bila matatizo.

Mbuzi yule alikuja jioni moja ya masika. Baba alitokea kwa wafugaji wa Kisukuma kule pembezoni mwa kijiji, alikoacha gunia la mpunga, akarudi amemshika kamba. Pasaka ilikuwa imepita, Krismasi haijulikani iko wapi, mgeni hatukuwa tunamtarajia. Alikuwa jike, mwili mweupe, kichwa cheusi mpaka shingoni, na katikati ya weusi ule uso wake ukachomoza mweupe, mpole, wenye kuhukumu kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kusali Jumapili angeona nilichokiona. Nikamwita Sista.

"Unawatukana masista!" bibi alifoka. "Na nilisema nini kuhusu majina?"

Basi mbele ya bibi nikawa namwita mbuzi, nyuma ya bibi namwita Sista, na Sista aliitika yote mawili ilimradi nina majani mkononi.

Kilichonitia wasiwasi ni mahali baba alipomweka. Hakumweka karibu na jikoni, wanakolaza mbuzi watu wengine. Alisimika fito kwenye ukuta wa nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba nilicholala mimi na mdogo wangu Remi, akaezeka nyasi, likawa banda dogo la mbuzi mmoja. Aliniambia kazi ya mbuzi ni yangu: kumtoa asubuhi, kumrudisha jioni, kumtafutia malisho. Nikamuuliza, "Baba, huyu mbuzi wa nini?"

"Wa kufuga."

"Wa kufuga mpaka lini?"

Baba akacheka, akaenda kunawa miguu. Mtu ambaye hana la kuficha hujibu swali. Mimi nilikuwa nasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na hesabu nikaipiga mwenyewe: siku nitakayovaa gauni jeupe, Sista atakuwa kwenye sufuria. Kuanzia hapo kila tendo jema lilinuka. Baba akipita na kumpapasa mbuzi mgongoni, nilijua anapima mafuta. Mama akiuliza, "Anakula vizuri?" nilijua anawaza mchuzi. Siku mbili nilimpunguzia pumba ili asinenepe, siku ya tatu akaniangalia kwa ule uso wake wa kanisani, nikashindwa, nikamletea matembele ya bustani ya mama.

Ukweli niliupata kwa masikio yangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kujibanza. Baba mdogo Kasto, mdogo wake baba, mvuvi wa mtoni, alikuja kama kawaida yake na kambale wawili kwenye kamba, akamkuta baba anarekebisha banda. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nachambua mboga. Baba mdogo naye akauliza mbuzi ni wa nini, na yeye akajibiwa.

Kumbe kulikuwa na mkutano kijijini. Namawala tumezoea watu wa mbu, watafiti wa malaria. Toka kabla sijazaliwa wamekuwa wakija na mitego na vikombe vyao, wakiuliza nani kalala wapi. Siku hiyo dada mmoja wao aliwaeleza wazee kwamba mbu hawafanani, wapo wanaopenda damu ya watu na wapo wanaopenda damu ya wanyama. Baba alilisikia hilo. Palepale mtu akaja mbio kusema ng'ombe wameingia shambani kwetu, baba akatoka, na yote yaliyosemwa baadaye yakasemwa bila yeye. Lakini nusu ile ilimtosha. Aliifikiria wiki nzima, akaipatia matumizi.

"Mbu akija anakutana na mbuzi kwanza," alimweleza baba mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegundua kitu. "Anakula, anashiba. Akifika dirishani kwa watoto hana njaa tena."

Baba mdogo alicheka mpaka kambale wakamponyoka. "Kaka, kwa hiyo umewafungulia mbu hoteli!"

"Cheka," alisema baba. "Mwaka jana Remi kaugua mara ngapi?"

Baba mdogo akaacha kucheka.

Nilitakiwa kufurahi, sivyo? Sista haliwi. Hakuna sufuria, hakuna gauni lenye damu. Lakini asubuhi iliyofuata nilipomtoa bandani nilimkagua, na nikaona nilichokuwa sijakiona siku zote hizo. Masikio yake kwa ndani, pale penye ngozi nyororo, yalikuwa yamejaa vipele. Vingine vina damu iliyokauka. Alikuwa akitikisa kichwa kila dakika, nami nilikuwa nadhani ni maringo. Nikaona baba amefanya jambo baya kuliko kuchinja. Kuku huchinjwa mara moja, akalia, yakaisha. Huyu alikuwa analiwa kidogo kidogo, kila siku, na asubuhi anaamka aje aliwe tena, na aliyemfunga kamba ni mimi. Hasira niliyokuwa nayo naikumbuka mpaka leo, na kusema kweli bado sijaona kosa katika hasira ile. Kosa lilikuwa kwenye dawa niliyoitafuta.

Nyumba yetu ilikuwa na vyandarua vitatu. Kimoja kilikuwa cha mama na mtoto mchanga, Agneta, aliyekuwa hajatimiza hata mwezi. Kimoja kilikuwa cha bibi. Cha tatu, cha bluu, kilikuwa chetu mimi na Remi, na Remi alikuwa na miaka minne. Jumamosi mama alikifua, akakianika kwenye kamba, akaenda kumnyonyesha Agneta. Nilikitoa kikiwa bado kinadondosha maji. Nilikifunga ndani ya banda, pembe nne kwenye fito nne, nikakishusha mpaka chini. Nikawa nimemaliza. Hakuna mtu mwingine aliyeingia mle bandani, kazi ya mbuzi ilikuwa yangu.

Jioni mama alitafuta chandarua kila mahali. Hakutafuta kwa mbuzi, nani angetafuta kwa mbuzi? Alitafuta kwa akili zake za mtu mzima, na akili za mtu mzima zikampeleka kwenye njia inayopita nyuma ya nyumba, njia ya mtoni. Kila mtu kwetu anajua chandarua kikipotea kimekwenda wapi. Kinakokota vidagaa. Na aliyepita njia ile mchana, akiwa na kapu lake begani, alikuwa baba mdogo Kasto.

Mama hakumtaja. Alitwanga mpunga kwa nguvu kuliko mpunga ulivyohitaji, kisha akasema kwa sauti, kama anayezungumza na kinu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta. Ungo ulisimama mikononi mwake. Kasto alikuwa mwanawe wa mwisho.

Kesho yake baba alikwenda kwa mdogo wake. Sikuwepo, lakini kijiji hakina siri. Nilisikia kwamba baba mdogo aliapa kwa kaburi la babu, na kwamba baba hata hivyo aliingia ndani, akapekua kapu, akafunua mpaka godoro. Hakukuta kitu. Yule ni mtu anayejua kuficha, walisema watu. Tangu siku hiyo baba mdogo aliacha kupita nyuma ya nyumba yetu, akawa anazunguka kwa mbali kwenye majani marefu, na sisi tukala mboga za majani tupu. Mimi nilijua kila kitu. Nilikaa na ukweli ule nikila nao, nikitumwa nao dukani, nikiungama kwa padri kwamba nimeiba sukari.

Remi alihamishiwa kwa bibi, mwenye chandarua. Alidumu huko usiku mmoja. "Mume wangu kaniogesha mkojo," bibi alitangaza asubuhi, godoro likiwa juani, Remi akarudishwa kwangu huku baba akiahidi kwenda Ifakara kutafuta chandarua kingine barabara ikipitika. Nikawa nang'atwa. Nilijikuna shuleni kwa fahari, mnaamini? Niliona nimechukua zamu ya Sista, nimejitoa mimi badala yake, kama tulivyofundishwa kwenye mafundisho. Kwamba ubavuni kwangu kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa hajajitoa, hilo halikunijia kabisa. Remi alikuwa Remi tu, mwenye kunipiga mateke.

Wakati huohuo chandarua kilikuwa kinapungua. Kila asubuhi pindo lilikuwa limepanda juu zaidi. Nilidhani ni panya. Nikadhani ni Remi. Nikadhani labda ni baba mdogo kweli, kajua, anakuja kuchukua kidogo kidogo. Niliyemshuku kila binadamu sikumshuku mbuzi, aliyesimama palepale akitafuna na macho yake ya huruma. Baada ya wiki moja na kitu yalibaki matambara pembeni mwa fito. Niliyafukia chini ya nyasi nikakaa kimya.

Remi alianza na kukataa uji. Mchana alikuwa wa moto, jioni alikuwa anaongea na watu ambao hatukuwaona. Kulipopambazuka mwili wake ulikakamaa mikononi mwa mama na macho yakageuka juu, na bibi akaita, "Degedege!" Baba alimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama kama mwanamke, akapanda pikipiki ya jirani, wakaingia kwenye tope la barabara ya Ifakara. Mama alifuata mchana na Agneta kifuani. Nyumba ikabaki na bibi, mimi na Sista.

Simu zilikuja kwa jirani, fupi fupi. Yupo hai. Hajafumbua macho. Amefumbua, hasemi. Nilikaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshaelewa sehemu, ile sehemu ndogo ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kuibeba: kwamba Mungu amejua habari ya chandarua. Nilimwahidi mambo mengi.

Siku ya nne Sista aliacha kula. Tumbo lake lilivimba upande, akawa anasaga meno na kuguna. Bibi alimwangalia akasema huyu asiachwe afe mwenyewe. Lakini mwanamume wa kuchinja hakuwepo. Bibi alijifunga khanga, akafuata njia ya mtoni kwa miguu yake mibovu, akarudi na mwanawe. Baba mdogo hakuniangalia. Alinoa kisu kwenye jiwe. Nilikwenda kujificha jikoni, nikaziba masikio, nikahesabu mpaka nikapotea hesabu.

"Skola," aliita baba mdogo. "Njoo."

Sista alikuwa amening'inizwa tayari. Baba mdogo alikuwa amepasua tumbo, na mkono wake ulikuwa umeshika kitu anachokivuta. Kilitoka kirefu, kimejisokota, kimejaa majani yaliyotafunwa. Alikimwagia maji ya ndoo. Chini ya uchafu kilikuwa bluu.

Bibi aliketi chini palepale kwenye matope.

"Ulimpa?" baba mdogo aliniuliza. Hakupaza sauti.

"Nilimfunika."

"Kwa nini ulimfunika?"

"Mbu, baba mdogo. Wanamla masikio."

Nilitegemea anipige, na ingekuwa nafuu. Aliniangalia, mtu aliyeitwa mwizi na kaka yake mwenyewe. Kisha akakikamua kile kitambaa, akakitundika kwenye kamba ya nguo mahali mama alipokianika siku ile, akasema, "Kaka atakikuta." Akaendelea kuchuna. Bibi aliamuru tumbo na utumbo vyote vizikwe mbali, nyama ichemshwe sana. Nililia mpaka kwikwi, na chakula kilipoiva nikala vipande viwili, nikaomba na mchuzi. Hilo nimelificha miaka mingi. Nilikuwa na njaa, na alikuwa mtamu.

Baba alirudi kesho yake kuchukua mchele na nguo. Alisimama mbele ya kamba ya nguo, kofia mkononi. Bibi alimweleza maneno machache. Hakunigeukia kabisa, alitoka palepale na tope lake la safari akaenda mtoni. Walichoambiana ndugu wale sikijui. Jua likiwa linazama niliwaona wakirudi wote wawili kwa njia ya nyuma ya nyumba, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kambale.

Remi alirudi baada ya wiki mbili, mwembamba, akitabasamu kwa kila mtu. Ilichukua siku kadhaa kugundua kwamba anatabasamu kwa sababu hasikii. Sikio la kushoto halikurudi tena, la kulia lilirudi nusu. Leo ni fundi pikipiki hapahapa Ifakara, fundi mzuri, na ukienda kwake zunguka mbele akuone, usimwite kwa nyuma. Nilipokuwa mtu mzima nilijikaza nikamsimulia yote, nikimwangalia usoni aweze kuyasoma maneno mdomoni. "Na nyama mliimaliza yote?" aliuliza. "Hamkunibakizia?"

Watu wengi wanaosikia kisa hiki hubishana kuhusu mbuzi. Mume wangu anasema mbuzi ni mbuzi. Binti yangu, ambaye ana paka aliyempa majina mawili, anasema babu alikuwa mkatili. Mimi sijui. Baba alimtaka wa mbu, mama nadhani alimtaka wa sherehe, mimi nilimtaka rafiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile mbu walikuwa wanakula, na ilikuwa lazima wale mtu. Nilidhani namtoa Sista mezani. Sikuona kwamba mahali pake sikupaacha wazi.

Jambo moja tu lilinisumbua miaka yote: baba hakunipiga. Hakunigombeza hata siku moja. Nililishuku sana hilo. Nilidhani anangoja, kisha nilidhani amenikatia tamaa, kisha akafa nikiwa sijamuuliza. Mwaka huu mama alipokuja kunitazama na tumbo langu hili nililo nalo, tukiwa tunachagua mchele, nikamuuliza yeye.

Mama aliendelea kutoa mawe. "Angekupiga kwa lipi?" alisema. "Mlikuwa mmefanya jambo moja." Kisha akanieleza. Siku zile zote za kukosa chandarua, sisi tukishalala, baba alikuwa anaingia chumbani kwetu, anavua shati, anajilaza sakafuni kati ya kitanda na dirisha. Alfajiri anatoka kabla hatujaamka. Mama alimwambia ataugua, na kweli mwezi uliofuata aliugua. Yeye alimjibu kwamba mbuzi mmoja hatoshi.

Niliinuka nikaenda kusimama jikoni. Nilikuwa nimekagua kila kipele kwenye masikio ya Sista, kila asubuhi, la kushoto na la kulia. Mgongo wa baba sikuwahi kuuangalia.